Je, Wajua? Waanglikana wa Ayivu Ambao CMS Haikuwapanda

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya Kanisa la Uganda ilipandwa na CMS, chama cha wamisionari wa Kianglikana ambao wa kwanza wao walifika kwa Kabaka Mutesa tarehe 30 Juni 1877, lakini Waanglikana wa Arua na Koboko, kaskazini-magharibi ya nchi, walipandwa na watu wengine? Waliojenga misheni ya Mvara, Arua, kuanzia mwaka 1918 walikuwa wa Africa Inland Mission, yaani AIM, na AIM haikuwa chama cha Kianglikana. Ilikusanya Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali walioshikana kwa Biblia na kwa hamu ya kuhubiri. Askofu hawakuwa naye. Hata hivyo kanisa lililozaliwa mikononi mwao likawa na askofu, Kitabu cha Sala na kanisa kuu. Mtu akitaka kuelewa jinsi Wakristo wa Ayivu, nchi ya Walugbara inayouzunguka mji wa Arua, wanavyoabudu na wanavyobishana mambo ya imani, aanze hapo.

Je, wajua kwa nini injili ya Kiprotestanti ilichelewa hivyo kufika? Arua haikuwa Uganda. Mwaka 1894 eneo la Lado, ukingo wa magharibi wa Mto Nile, lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Leopold alifariki Desemba 1909, na katikati ya 1910 eneo likarudi kwa serikali ya Sudani. Tarehe 1 Januari 1914 ndipo West Nile, yaani Arua na majirani zake, ilipotiwa ndani ya Uganda. Kwa hiyo wakati Namirembe, makao ya Waanglikana wa Buganda, tayari ina makasisi Waafrika waliowekewa mikono tangu miaka ya 1890, Mlugbara wa Ayivu alikuwa amekwisha kuona bendera tatu zikipita juu ya shamba lake, na huenda hajaona kitabu kimoja cha dini. Mwaka mmoja tu baada ya Mvara kuanzishwa, 1919, wilaya ilitikiswa na uasi wa Yakan, wa watu walioamini maji yaliyobarikiwa yangewakinga na risasi. Wamisionari wale hawakufika mahali palipolala.

Je, wajua kwamba CMS yenyewe ilipita mlangoni mwa West Nile miaka 40 kabla ya Mvara? Mwaka 1878 kundi la wamisionari wake lilipanda kutoka Khartoum kwa njia ya Mto Nile, likakutana na gavana Emin Pasha kule Lado, na kufika Buganda mapema 1879. Mmoja wao alikuwa daktari Robert Felkin. Walipita, hawakukaa. Macho yao yote yalikuwa kwa Mutesa.

Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, anaingia katika habari hii mara mbili? Januari 1910 alipiga kambi kando ya Mto Nile kuwinda vifaru weupe, na mahali pale, mashariki ya Arua, panaitwa Rhino Camp hadi leo. Miezi michache kabla ya hapo, mwaka 1909, alikuwa Kijabe nchini Kenya, akaweka jiwe la msingi la shule ya AIM. Historia za AIM husimulia kwamba Charles Hurlburt, kiongozi wa chama hicho, aliomba msaada wake baadaye walipotaka ruhusa ya Wabelgiji kuingia Kongo, na Roosevelt akawaombea. Mwaka 1912 John Stauffacher na wenzake walikuwa wamefika Mahagi, nchi ya Waalur, karibu na Ziwa Albert. Kutoka upande ule wa Kongo, Arua si mbali.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa AIM aliishi Kenya muda wa mwaka mmoja tu na kidogo? Peter Cameron Scott alishuka Mombasa Oktoba 1895, akaanza kazi Nzaui, Ukambani, na Desemba 1896 homa ikamuua. Hakutimiza miaka 30. Watu wa Ayivu ni matunda ya mti ambao aliyeupanda hakuuona hata ukichipua.

Je, wajua kwamba kabla ya AIM kufika Arua, ubishi mkubwa kuliko wote wa Kianglikana wa Afrika Mashariki ulikuwa umewaka kwa sababu ya watu kama hao hao? Hili linataka nafasi.

Juni 1913, wajumbe wa CMS, AIM, Kanisa la Scotland, Wamethodisti na wengineo walikutana Kikuyu, Kenya. Walikuwa wamechoka kugombania vijiji. Walipendekeza shirikisho: kila chama kiwe na eneo lake, wakubaliane juu ya Biblia na Imani ya Mitume, na Mkristo akihama kutoka eneo la mmoja kwenda la mwingine apokewe. Maaskofu wawili wa Kianglikana walikuwapo: William Peel wa Mombasa na John Jamieson Willis wa Uganda. Siku ya mwisho Peel aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wa makanisa yasiyo na maaskofu wakapokea mkate na divai kutoka mkononi mwake.

Habari ilipofika Unguja, Askofu Frank Weston hakuvumilia. Weston alikuwa wa UMCA, chama cha wamisionari cha mrengo wa Kianglikana unaopenda uvumba, maungamo kwa kasisi na heshima kuu ya uaskofu. Kwake yeye, pasipo askofu aliyepokea mikono kutoka kwa mitume hakuna kanisa kamili, na kuwapa Ushirika watu wasiokuwa chini ya askofu ni kuliuza kanisa. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akitaka Peel na Willis washtakiwe kwa uzushi na kwa kuligawa kanisa. Magazeti ya London yalijaa mjadala huo hadi vita vya 1914 vilipowashughulisha watu kwa mengine. Davidson alikataa kuwashtaki maaskofu wale, lakini akaonya kwamba ibada ya namna ile isifanywe tena.

Sasa tazama aliyekuwa askofu wa Uganda AIM ilipofika Mvara mwaka 1918. Ni Willis yule yule. CMS haikuwa na watu wa kutosha kwa West Nile. AIM ilikuwa nao na ilikuwa jirani. Likafanyika jambo ambalo shirikisho la Kikuyu lililiota: AIM ifanye kazi, nalo kanisa litakalozaliwa liwe la Kianglikana, chini ya askofu wa Uganda, likitumia taratibu za Kianglikana. Nchini Kenya AIM ilizaa kanisa lake yenyewe, Africa Inland Church. Ayivu ilizaa Waanglikana. Kwa maoni yangu huu ni uamuzi mmoja wa hekima kubwa katika historia ya kanisa ya nchi hizi, kwa maana uliwaepusha watu wa Arua na makanisa mawili ya Kiprotestanti yanayogombea mti mmoja wa kivuli.

Je, wajua kwamba mpaka wa Uganda na Kongo umewagawa Walugbara makanisa pia? Toka Arua kwa barabara ya Vurra, vuka, na mwendo mfupi utakufikisha Aru. Kule pia AIM ilihubiri. Watu ni Walugbara, lugha inasikilizana, koo zinaoana. Lakini Kongo hapakuwa na makubaliano na askofu yeyote wa Kianglikana, kwa hiyo watoto wa AIM upande ule ni waumini wa CECA 20, kanisa lisilo na maaskofu. Namba 20 ni ya uanachama wake katika Kanisa la Kristo la Kongo, mwavuli wa Waprotestanti wa nchi hiyo. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja akiwa Ayivu na mwingine Aru, waliosikia injili kutoka kwa chama kile kile, leo mmoja anawekewa mikono ya kipaimara na askofu na mwenzake hajui kipaimara ni nini.

Je, wajua kwamba ubatizo ndipo tofauti hiyo inapogusa nyumba? Ibara ya 27 kati ya Ibara 39 za Kianglikana za mwaka 1571 inaagiza ubatizo wa watoto wadogo udumishwe. Upande wa Kongo, kwa kawaida hubatizwa mtu aliyekwisha kuamini kwa kinywa chake mwenyewe. Wote wawili wanaitetea desturi yao kwa Biblia ile ile. Bibi anayevuka mpaka kwenda kumwona mjukuu mchanga huko Aru anaweza kushangaa mtoto hajabatizwa, na hakuna aliyekosea taratibu za kanisa lake.

Je, wajua kwamba kinyume chake pia kipo? Boga, kusini zaidi, ni kisiwa cha Waanglikana ndani ya Kongo. Apolo Kivebulaya, Mganda, alipeleka injili huko mwishoni mwa 1896, mipaka ikiwa bado haijakaa sawa, na baadaye Boga ikaangukia upande wa Wabelgiji. Alipokufa mwaka 1933 alikuwa ameomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu ambao bado alitaka kuuhubiria.

Je, wajua kwamba Mwanglikana wa Mkunazini, Unguja, akiingia ibada ya Jumapili huko Mvara anaweza kujiuliza kama kweli yuko kwenye kanisa lake? Kanisa Kuu la Kristo la Unguja, lililojengwa na UMCA mahali palipokuwa soko la watumwa, limezoea uvumba, mavazi ya rangi na altare iliyoinuliwa. Mvara, kwenye Kanisa Kuu la Emmanuel, kitovu ni mahubiri. Askofu yupo, kanzu nyeupe zipo, Imani ya Mitume husemwa kwa pamoja, lakini watu wamekuja na Biblia zao na wanatazamia zifunguliwe. Uanglikana una nafasi ya wote wawili, na hilo halikuja bila mateso: Thomas Cranmer, mwandishi mkuu wa Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza cha 1549, alichomwa moto Oxford tarehe 21 Machi 1556.

Je, wajua kwamba kitabu hicho kilizua uasi kilipotoka? Watu wa Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, walisema baadhi yao hawakijui Kiingereza. Wakaletewa sala ya Kiingereza badala ya Kilatini, wakashika silaha, na wengi sana wakauawa. Ndiyo sababu Ibara ya 24 ina uzito wa pekee kwetu. Inasema ni kinyume cha Neno la Mungu na cha desturi ya kanisa la kwanza kuomba mbele ya watu au kutoa sakramenti kwa lugha wasiyoielewa. Kwa Wakornishi haikutekelezwa. Kwa Ayivu ilitekelezwa.

Na ilitekelezwa kwa namna iliyobadilisha lugha nzima. Wamisionari walikaa Mvara na Ringili, kwa hiyo Kilugbara walichojifunza kilikuwa cha Ayivu. Kilugbara kina lahaja nyingi, kuanzia Maracha na Terego hadi Vurra, na yoyote ingeweza kuwa lugha ya vitabu. Lakini tafsiri, nyimbo na vitabu vya kusomea vilifuata midomo ya majirani wa misheni, na lahaja ya Ayivu ikawa Kilugbara sanifu. Agano Jipya lilitangulia. Biblia nzima ilitoka mwaka 1966. Mtu wa Terego anayesoma Zaburi kanisani anaisoma kwa sauti ya Ayivu. Wapo wanaolalamika, nao wana haki ya kulalamika. Lakini bila watafsiri wale, wageni na wenyeji walioketi meza moja kwa miaka mingi, hata hicho cha kulalamikia kisingekuwapo.

Je, wajua kwamba Ibara ya 34 inatetea adungu? Haiitaji, bila shaka. Inasema tu kwamba mapokeo na taratibu za ibada si lazima ziwe za namna moja kila mahali, na zinaweza kubadilishwa kulingana na nchi, nyakati na tabia za watu, mradi lisifanywe jambo lililo kinyume cha Neno la Mungu. Adungu ni kinubi cha upinde cha West Nile, kinachohusishwa hasa na Waalur: mwili wa mti uliochimbwa, ngozi juu yake, shingo iliyopinda na nyuzi. Huundwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia ndogo ya kukumbatia hadi kubwa inayosimamishwa chini na kutoa sauti nzito. Leo kwaya za West Nile zinaimbia nacho tenzi zilizotungwa Ulaya na nyimbo zilizotungwa hapa hapa, na kimesikika makanisani mbali na Arua. Joel Obetia, aliyekuwa askofu wa Madi na West Nile kuanzia 2005, aliandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds juu ya jinsi ibada inavyovaa utamaduni wa watu West Nile na Kampala, akilinganisha Waanglikana, Wakatoliki na makanisa huru. Askofu anayechunguza kwa kalamu jinsi watu wake wanavyoimba ni mchungaji wa kweli.

Je, wajua kwamba uamsho wa Walokole, yaani waliookoka, uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ulipofika Arua ulifika ukiwa mkali zaidi? Mwishoni mwa miaka ya 1940 tabibu Mganda, Eliya Lubulwa, alihubiri toba West Nile. Waliookoka walitubu hadharani, wakarudisha walichoiba, wakakataa pombe, wakawaambia wachungaji wao mbele ya watu kwamba nao wanahitaji kuokoka. Kaskazini mwa Uganda baadhi ya walokole walihubiri sokoni kwa vipaza sauti, hata wakaitwa wapiga tarumbeta. Kanisa lilitikisika. Wapo walioonekana wasumbufu, na ushirika wao ukaendelea pembeni ukijulikana kwa jina la Uamsho wa Kiinjili wa Waliochaguliwa. Lakini tazama kilichobaki ndani ya kanisa: ushuhuda. Mpaka leo mlokole akisimama kusalimia atasema jina lake, atasema Yesu ni Bwana na Mwokozi wake, kisha ndipo aseme lililomleta. Na wimbo wa Kiganda wa "Tukutendereza Yesu" unaimbwa na watu wasiojua Kiganda hata neno.

Je, wajua kwamba Arua iliungwa na dayosisi moja baada ya nyingine kabla ya kupata yake? Kwanza ilikuwa chini ya askofu wa Uganda. Mwaka 1926 ikaundwa dayosisi ya Upper Nile, iliyoshika kaskazini na mashariki. Mwaka 1961 ikazaliwa dayosisi ya Northern Uganda, na mwaka 1964 ikapata askofu Mwafrika: Silvanus Wani, Mkakwa wa Koboko, aliyewahi kuwa kasisi wa jeshi katika King's African Rifles.

Mwaka 1969 dayosisi hiyo iligawanywa. Wani akachukua upande wa Arua, ukaitwa Madi na West Nile. Upande wa Gulu akapewa Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho ule ule. Siku Luwum alipowekwa wakfu kule Gulu, Januari 1969, miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Milton Obote, rais wa wakati huo, na pia ofisa wa juu wa jeshi ambaye asili yake ni Koboko: Idi Amin.

Mwaka 1974 Luwum akawa Askofu Mkuu. Februari 1977, baada ya nyumba yake kupekuliwa usiku na askari, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi, barua wakilalamikia mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16 Februari aliuawa. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Kaburi lililochimbwa Namirembe likabaki wazi, kwa sababu mwili ulipelekwa moja kwa moja Mucwini, Kitgum, ukazikwa huko.

Aliyechaguliwa kukaa kwenye kiti hicho ni Wani. Fikiri hali yake. Alikuwa Mkakwa kama Amin. Waliomwomboleza Luwum wangeweza kumtilia shaka kwa kabila lake, na watawala wangeweza kutazamia kwamba sasa wana mtu wao. Aliliongoza kanisa katika sherehe za miaka 100 ya injili mwaka ule ule, katika kuanguka kwa Amin 1979, na katika mabadiliko ya 1980 ambapo jimbo la Uganda, Burundi, Rwanda na Boga-Zaire liligawanywa na Uganda ikabaki peke yake. Alistaafu 1983. Luwum ana sanamu juu ya mlango wa magharibi wa Westminster Abbey huko London tangu 1998, na tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Ni haki yake. Lakini naona Wani anatajwa kidogo mno na Kanisa la Uganda, hata na watu wa kwao. Mtu aliyepokea fimbo ya uaskofu mkuu ikiwa bado na damu, akaishika miaka sita bila kanisa kupasuka, anastahili zaidi ya picha ukutani.

Je, wajua kwamba Wani si askofu mkuu pekee aliyetoka ng'ambo hii ya Mto Nile? Henry Luke Orombi, Mualur wa Pakwach, alikuwa askofu wa kwanza wa Nebbi, dayosisi iliyomegwa kutoka Madi na West Nile mwaka 1993, na akaliongoza Kanisa la Uganda kuanzia 2004 hadi 2012. Kona iliyochelewa kupata injili imetoa maaskofu wakuu wawili.

Je, wajua kwamba sayansi ya saratani inadaiwa na hospitali ya kanisa ya West Nile? Kuluva, kusini mwa Arua, ilijengwa na Dkt. Ted Williams wa AIM, aliyeifungua mwaka 1951, na baadaye nduguye Peter, daktari pia, akaungana naye. Ted alikuwa fundi wa kila kitu: alijenga, alitengeneza mitambo, alitibu wenye ukoma. Kulikuwa na uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto haraka, nao Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago na Mprotestanti mcha Mungu kutoka Ireland, alitaka kujua unapatikana wapi na haupatikani wapi. Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250, wakaenda wiki 10, kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Williams ndiye aliyekuwa akilitengeneza gari likiharibika. Waligundua kwamba uvimbe hufuata joto na mvua, mahali penye malaria nyingi, na hupotea kwenye nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1964, ndani ya sampuli zilizopelekwa London kutoka Uganda, Anthony Epstein na wenzake waliona kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Na kwa sababu Kuluva ilikuwa imetunza kumbukumbu za wagonjwa kwa uangalifu wa ajabu, kijiji kwa kijiji, watafiti wa kimataifa waliichagua West Nile mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuchukua damu ya watoto wapatao 42,000 ili kuthibitisha uhusiano huo. Daktari wa misheni anayeandika jina la kijiji cha kila mgonjwa wake anafanya ibada pia. Theolojia ya Kiprotestanti ina fundisho la wito, kwamba kazi ya mikono ikifanywa kwa uaminifu ni utumishi kwa Mungu, na sijui mfano wake ulio wazi kuliko daftari za Kuluva.

Je, wajua kwamba kanisa la Ayivu liliwahi kukaa karibu lote uhamishoni? Baada ya Amin kuanguka, jeshi jipya lililipiza kisasi West Nile, na Oktoba 1980 mji wa Arua ulibaki mtupu. Watu walikimbilia Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, na Sudani. Tarehe 24 Juni 1981, kwenye misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, ndani ya Ayivu, askari waliwaua raia waliokuwa wamejificha humo. Wengi wa waliovuka mpaka walijikuta wakiishi kati ya ndugu wa CECA, wenye nyimbo zilizofanana na Kilugbara kile kile. Leo njia imegeuka: tangu vita vya Sudani Kusini vya 2013 na 2016, kambi za Rhino Camp na Imvepi zimejaa wakimbizi, wengi wao Waanglikana wa kanisa la Episkopali la nchi hiyo, na makatekista wao wanasalisha chini ya turubai.

Je, wajua kwamba Ringili, pale pale wamisionari walipojifunza Kilugbara cha Ayivu, ndipo ilipo kampasi ya Arua ya Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda? Chuo mama, cha Mukono, kilitokana na chuo cha theolojia cha Bishop Tucker mwaka 1997.

Je, wajua kwamba mwaka 2008, Orombi akiwa askofu mkuu, Kanisa la Uganda halikwenda kwenye mkutano wa maaskofu wa Lambeth, bali lilishiriki mkutano wa Waanglikana wahafidhina, GAFCON, huko Yerusalemu, kwa sababu ya mgogoro wa mafundisho na kanisa la Marekani? Tamko lililotoka Yerusalemu lina vipengele 14. Cha 4 kinashikilia Ibara 39. Cha 6 kinakitaja Kitabu cha Sala cha 1662 kuwa kipimo cha ibada. Yaani wajukuu wa wahubiri wa AIM, watu ambao chama chao hakikuwa na Kitabu cha Sala, sasa wamo kati ya watetezi wake wakuu duniani.

Na ukizifungua Ibara hizo 39, soma ya 19, inayoeleza kanisa ni nini. Inasema kanisa linaloonekana la Kristo ni kusanyiko la watu waaminifu ambamo Neno safi la Mungu linahubiriwa na sakramenti zinatolewa kama Kristo alivyoagiza. Weston aliijua ibara hiyo, Willis pia. Humo neno askofu halimo.